Breki za Kipanga

Yupo mnyama asiyekula majani wala kunywa maji. Ukimpanda anakwenda, ukimwacha asimame peke yake anaanguka. Mjini wapo tele, na asubuhi ile ya Jumamosi, kwenye mzunguko wa barabara karibu na soko, walikuwa wamejaa kama siafu: wa kubeba mikate, wa kubeba magunia, wa kubeba abiria. Mabasi yalipiga honi, wachukuzi walipaza sauti wapishwe njia, na wauza vikombe vya plastiki walikuwa wametandaza bidhaa zao hadi ukingoni mwa lami.

Katikati ya vurugu hiyo akatokea mwanamke juu ya baiskeli nyekundu. Suruali nyeusi imembana hadi kifundoni, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na kofia ngumu iko kichwani kama ya fundi wa umeme. Amekaa wima, kidevu juu, na uso wake ni wa mtu aliyetoka kufunguliwa kifungo. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alikuwa ameshika upande wa kulia, na barabara nzima ilikuwa inamjia usoni.

Wa kwanza kati ya waliomjia alikuwa mwanamume mrefu kwenye baiskeli kuukuu yenye keria, ngazi imefungwa ubavuni, makopo ya rangi yananing'inia kwenye usukani. Wakasimama gurudumu kwa gurudumu. Kopo moja likayumba, kifuniko kikaruka, na rangi ya buluu ikamiminika juu ya viatu vyeupe vya bibie.

"Dada," alisema mwanamume, "uko upande wangu."

"Wewe ndiye uko upande wangu."

"Na lile basi nyuma yangu, nalo liko upande wako?"

Mwanamke akatazama. Akaliona basi, akamwona dereva wake ametoa kichwa dirishani, akaona mkokoteni wa viazi na watu wote pale wakimtazama yeye. Damu ikampanda masikioni.

"Nimekaa nje miaka mingi," alisema polepole. "Kule tunashika kulia."

"Karibu nyumbani. Huku tunashika kushoto, na viatu tunavaa vyeusi kwa sababu ya watu kama mimi."

Akacheka, hakutaka lakini alicheka. "Vitatakata?"

"Kwa mafuta ya taa, ukiwahi. Ukichelewa nitavipaka na sehemu iliyobaki, vifanane. Nipe namba ya simu nikuletee hayo mafuta."

"Mafuta ya taa hata kwetu yapo."

"Ya kwenu hayaijui rangi hii. Hii nimeichanganya mwenyewe."

Akampa namba, huku akijiambia kwamba ni kwa ajili ya viatu.

Mwanamke huyo alikuwa nesi. Miaka mingi aliwauguza wazee wa watu wengine katika nchi ya mbali, akiwakogesha na kuwalisha, na mwishowe akaona ni heri arudi azeeke na mama yake. Alipewa kazi katika hospitali ya mji, kwenye chumba cha kufunga vidonda. Alirudi na masanduku mawili na boksi kubwa bapa ambalo ukoo mzima ulikusanyika kulifungua, kila mtu akiamini ni televisheni. Ilipotoka baiskeli, shangazi yake alikaa chini akaomba maji.

Wasichojua vijana wa mtaani ni kwamba zamani, kabla ya kuondoka, nesi huyu ndiye aliyekuwa akiongoza wasichana wote katika mashindano ya kilima cha tangi la maji. Alikuwa akishuka mteremko ule kama ndege anayeona kifaranga, na watu wakamwita Kipanga. Kule ugenini baiskeli ilikuwa miguu ya kwenda kazini tu, gizani na kwenye baridi, mtu amejifunika hadi puani. Kupanda kwa raha kuliisha. Na aliporudi, baiskeli ile ilikaa stoo miezi, kwa sababu mama yake alisema mtu mzima ana haya yake. Jumamosi ile ya rangi ya buluu ilikuwa siku ya kwanza kuitoa.

Alitaka kitu kimoja. Mashindano ya kilima yalikuwa yanakaribia, naye alitaka kushiriki. Alitaka mji umwone akipita, useme, yule ni wetu. Kwa maana tangu ashuke kwenye ndege, kila aliyekutana naye, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya benki, alimuuliza swali lilelile: "Unarudi lini?" Kana kwamba kwao kumekuwa kituo cha basi.

Mwanamume wa ngazi alikuwa mwandika mabango. Duka lolote la mjini lenye maandishi yanayopendeza, ni mkono wake. Watu walimwita Rangi. Hakuwa ameoa, na akiulizwa alisema anangoja koti la kwanza la rangi likauke. Siku za Jumapili alipanda baiskeli na kundi la wapenzi wa mchezo huo, na wiki haikuisha kabla hajamtia Kipanga kundini.

"Nakujua wewe," alimwambia siku moja wakipumzika chini ya tangi, jasho linawatiririka. "Nilikuwa mmoja wa wavulana uliowaacha hapa. Nikasema nyumbani mnyororo ulikatika."

"Ulikatika?"

"Ulikuwa mzima kabisa."

Simu nazo hazikukauka. Rangi hakuwa mtu wa kusema halo.

"Kitendawili," angesema.

"Tega," angejibu Kipanga, kijiko cha kupikia bado kiko mkononi.

"Nikimwendea nalia, nikimwacha nacheka, na kesho namrudia."

"Mume mlevi."

"Siye."

"Jino bovu."

"Siye, laazizi. Umeshindwa, nipe mji."

"Chukua ule nilikotoka. Vaa soksi, una baridi."

"Ule siutaki. Umekaa na wewe muda mrefu mno, nina wivu nao. Jibu ni kilima."

Kipanga angecheka mpaka mama yake akohoe chumba cha pili. Lakini si vitendawili vilivyomfungua moyo. Katika mji mzima, Rangi peke yake hakuwahi kumuuliza anarudi lini.

Mama yake alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mama wa kiwiliwili na sauti, aliyezoea kuita uwanja mzima wa watoto waje kula bila kutumia kengele. Aliyaona mapenzi yale akanyamaza. Baiskeli ndiyo hakuweza kuinyamazia.

"Mwanangu, wenzio wa umri wako wamebeba watoto mgongoni. Wewe umebeba chupa ya maji."

"Chupa hailii usiku, Mama."

"Na suruali hiyo. Umeivaa au umeipaka?"

"Nimeivaa."

"Wakikuzomea je?"

"Watazomea nimeshapita."

Mama akaguna. Mguno wake ulikuwa na maneno mengi kuliko hotuba.

Zilipobaki wiki chache kabla ya mashindano, Kipanga alimpelekea Rangi baiskeli amwandikie jina lake kwenye fremu. Rangi aliifanya kazi ile kama anaandika jina la mfalme. Herufi za manjano zenye kivuli cheusi, na mkia wa herufi ya mwisho umepindwa kama bawa. Alipomaliza, akaikalia baiskeli ajaribu, akagundua jambo. Huko ilikotengenezwa, mkono wa kushoto ndio unaoshika breki ya mbele na wa kulia unashika ya nyuma. Baiskeli zote za mji wake ni kinyume. Rangi akatabasamu peke yake. Akachukua spana, akahamisha waya, akaziweka breki kama za wenzie wote. Akajiambia hiyo ndiyo zawadi yenyewe, jina ni pambo tu.

Kipanga alipoliona jina, alifunika mdomo kwa viganja viwili. Alilipapasa herufi kwa herufi, machozi yakamlenga. Rangi naye, kuona furaha ile, akasahau kutaja habari ya breki. Akasema moyoni, kesho nitamwambia.

Kesho yake kundi lilipanda kilima. Kurudi, Kipanga akatangulia kwenye mteremko, na wale vijana nyuma yake wakaona kwa nini mji ulimpa jina la ndege. Kwenye kona ya chini mbuzi akakatiza njia. Mkono wa kulia ukafanya ulichozoea kwa miaka yote ya ugenini, ukabana breki kwa nguvu. Lakini gurudumu lililokamatika ni la mbele. Baiskeli ikasimama kwa pua, mwenyewe akapaa, akashukia kwenye changarawe kwa kifundo cha mkono na shavu.

Rangi alifika anakimbia, baiskeli yake ameitupa huko nyuma.

"Usinishike bado." Kipanga alikaa, akakunja vidole, akapapasa mfupa kama anampima mgonjwa wake. "Haujavunjika. Umeteguka." Kisha akatazama baiskeli. "Nimebana ya nyuma, imeshika ya mbele." Macho yake yakafuata waya, kutoka mkono wa kulia mpaka kwenye gurudumu. "Nani amegusa breki zangu?"

"Mimi," alisema Rangi. "Nilizifanya ziwe kama za hapa, kama tulivyozoea sote. Nilidhani utafurahi."

"Nikiwa hewani?"

"Nilisahau kukwambia. Uliliona jina, ukafurahi vile, nikasema nitakwambia kesho."

"Hukusahau. Hukuona haja ya kuniuliza." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililokata. "Kule nje niliambiwa pa kusimama na pa kukaa, hata sauti ya kuongelea nilipangiwa. Nikavumilia, nikasema kwetu kupo. Leo nimefika kwetu, unaniamulia mkono wa kushikia."

Watu walikuwa wanatazama. Rangi alikuwa mpole, lakini mwanamume akiaibishwa mbele ya wenzake, upole wake huenda kutembea.

"Kosa langu ni kutaka ufanane na wenzio? Kama huku kunakushinda, basi rudi huko mkono wako ulikozoea."

Neno ni mate, likishatemwa halimezwi. Kipanga alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akainuka, akaishika baiskeli kwa mkono mzima, akaumalizia mteremko kwa miguu, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

Baiskeli ikarudi stoo, imeegemezwa nyuma ya gunia la mkaa, jina likitazama ukuta. Simu ililia jioni baada ya jioni.

"Simu yako inalia kama mtoto mwenye njaa," alisema mama yake.

"Iache ilale, Mama."

Siku kadhaa zikapita hivyo. Mama, ambaye tungedhani atafurahi, alizunguka nyumba akigonga sufuria. Hatimaye akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni, khanga imefungwa kama mtu anayekwenda kupigana.

"Nilikukataza kupanda. Sikukwambia uanguke ubaki chini."

"Ulisema ni aibu."

"Nilisema. Aibu kubwa ni hii ninayoiona. Katika ukoo wetu mtu haachi jambo kwa sababu ameanguka. Akitaka kuacha, anaacha amesimama." Akageuka, kisha akatupa neno juu ya bega. "Na huo mkaa unachafua baiskeli ya watu."

Wakati huo mjini kulikuwa na kichekesho. Mwandika mabango, mtu aliyezaliwa akipanda baiskeli, alikuwa anaanguka ovyo. Alianguka mbele ya kinyozi, akaanguka mbele ya duka la vitambaa, akaingia na ngazi yake ndani ya karai la nyanya. Waliomjua walisema ni mapenzi, wasiomjua walisema ni pombe. Kipanga hakusikia chochote mpaka asubuhi moja mlango wa chumba cha vidonda ulipofunguliwa na mgonjwa akaingia: kiwiko kimechunika, goti linavuja damu, kidevu kina mchubuko, na rangi nyeupe imemganda nusu ya uso.

Manesi wenzake wakaangaliana, wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi chumba kingine.

"Kaa," alisema Kipanga. Akavaa glavu. "Kimekupata nini?"

"Breki."

"Breki gani?"

"Zako." Rangi alitoa kiwiko. "Nimegeuza za kwangu ziwe kama zilivyokuwa zako. Nilitaka kujua ulichokisikia pale kilimani."

Pamba ilisimama hewani kidogo, kisha ikashuka kwenye kidonda. Rangi akakaza meno kwa maumivu.

"Na umejua?"

"Nimejua kwamba mkono una akili yake, hauulizi kichwa. Kila mtu ananiambia ni kitu kidogo, utazoea. Na mimi niko kwenye karai la nyanya nafikiri, hiki si kidogo."

"Tulia, usichekeshe, nitakuumiza."

"Lile neno nililosema kule..."

"Usiliseme tena hapa. Kuna wagonjwa."

"Nitalisema taratibu." Na kweli alishusha sauti. "Nilisema rudi. Sikuwa nataka urudi. Naogopa usiku na mchana kwamba utaondoka. Unajua kwa nini sijawahi kukuuliza unarudi lini? Nilikuwa naogopa jibu. Nikadhani breki zikiwa za hapa, na wewe utakuwa wa hapa."

Kipanga alifunga bandeji, akaikata, akaibana kwa plasta. Muda wote huo hakumtazama.

"Mimi ni wa hapa hata nikishika breki kwa meno," alisema. "Siwi wa hapa kwa sababu umenirekebisha. Nimezaliwa wa hapa."

"Nimesikia."

"Huko nilikoishi nako ni kwangu kidogo. Mkono huu umelea watu kule. Sitaukata ili nikuridhishe, wala mtu yeyote."

"Nimesikia, Kipanga. Sijaja kukuomba kitu. Nimekuja kukuuliza nilichopaswa kukuuliza mwanzo. Breki zako unazitaka vipi?"

Akavua glavu. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia ua wa hospitali, na ufagio ule ulisikika vizuri sana.

"Barabara ni ya nchi," alisema Kipanga. "Nitashika kushoto kama watu wote. Lakini mkono ni wangu. Njoo jioni, na spana."

Jioni ile uani, Kipanga alizihamisha waya mwenyewe, kifundo bado kina bandeji, akiuma midomo kila anapokaza.

"Nikusaidie?" aliuliza Rangi.

"Shika fremu. Usitie neno."

Rangi akashika fremu. Mama alikuwa dirishani, akamtazama sana yule mwanamume mwenye bandeji tatu aliyenyamaza kama alivyoagizwa. Akaguna, na safari hii mguno ulikuwa mwororo.

Siku ya mashindano mji ulihamia kilimani. Barabara ilifungwa, watoto walikaa mabegani mwa baba zao, na kipaza sauti kilikoroma maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Wanawake walijipanga nyuma ya kamba, wengi wao mabinti wenye miguu kama springi, na kati yao Kipanga, shati la manjano, nywele amezisuka zikaingia sawasawa chini ya kofia.

"Yule mama atafika kweli?" kijana mmoja aliuliza kwa sauti.

"Ni yule wa nje," alijibu mwenzake. "Anapiga picha tu, arudi zake."

Mama yake, aliyekuwa nyuma yao, akawagonga mabegani kwa mwavuli. "Huyo wa nje alizaliwa mtaa wa tatu kutoka hapa. Nilikuwepo."

Kupanda kulimtesa. Mabinti walimpita mmoja baada ya mwingine, na kwenye miamba mapafu yake yaliungua mpaka akaona nyota mchana. Rangi alikuwa amesimama karibu na tangi. Alimwona anavyoyumba, akaufungua mdomo amwambie abadili gia. Akaufunga. Akapiga makofi, basi.

Kisha Kipanga akazunguka tangi, na chini yake ukafunguka mteremko.

Akalala juu ya usukani, viwiko ndani, kidevu karibu na chuma. Mkono wa kulia ukagusa, ukaachia, ukagusa, nayo baiskeli ikamsikiliza. Akampita binti wa kwanza kwenye kona ya juu, na wa pili na wa tatu kwenye ile kona ya chini iliyomwangusha, ambako wao walibana breki kwa woga na yeye akaachia. Shangwe zikaanza juu zikashuka naye kama moto kwenye nyasi kavu. Wazee waliomkumbuka wakasimama. "Kipanga," walisema, kwanza wachache, halafu barabara nzima, hata wale vijana wawili.

Hakushinda. Mabinti wawili walishakwisha kufika, tena kwa mbali. Akavuka mstari akiwa wa tatu, akashuka, akainama ameshika magoti anatafuta pumzi, vumbi limemfanya kijivu, na kicheko kinamtoka bila sauti.

Mama alikuwa anapasua umati kwa mwavuli. "Huyo ni wangu," alimwambia askari, akamwambia mwuza maji, akamwambia mtu asiyemjua kabisa. "Hao wawili wametangulia, sawa. Nani kawatazama? Huyo ni wangu."

Alipomfikia alimkumbatia na vumbi lake lote. Rangi naye alikuwa amefika mbio kutoka juu, akasimama hatua chache pembeni, hajui aweke wapi mikono.

Mama akamgeukia. Kwa siku zote hizo alikuwa hajazungumza naye ana kwa ana.

"Na huyu kijana wa bandeji," alimuuliza bintiye kwa ile sauti ya kuita uwanja mzima, "ni nani wako? Maana naulizwa mtaani, sina jibu."

Watu wakageuka. Rangi akatazama viatu vyake. Kipanga akanyoosha mgongo, akafuta uso kwa kiganja, akapata pumzi ya kutosha maneno machache.

"Ni mchumba wangu, Mama. Yeye mwenyewe hajaambiwa bado."

Rangi aliinua uso. Mdomo ulitafuta kitendawili, haukupata. Mtu wa maneno mengi vile, alibakiwa na moja tu, tena alilisema kwa heshima, akimtazama mama kwanza kisha binti.

"Nimeambiwa," alisema.